Serikali ya Mbeta Moja

Ivungila, Njombe
6 Mei 1951

Kwa mjukuu wangu Yoeli wa Lukas, Makambako.

Kamwene, mume wangu. Umeamkaje huko kwenye vumbi la magari? Mimi nimeamka. Magoti yananisema kila asubuhi, lakini bado yananibeba mpaka shambani. Mbuzi yule mweusi kazaa pacha. Dada yako Yudita kajifungua salama kule Wanging'ombe, mtoto wa kike, wamempa jina Ema. Baridi imeanza mapema mwaka huu, na blanketi lako uliloliacha nalitumia mimi, usiliulize.

Anayeandika ni Oktavia, mke wa mwinjilisti Manase. Nimemwambia aandike nisemavyo mimi, siyo apendavyo yeye, maana ameshanikunjia uso mara mbili na barua ndiyo kwanza inaanza.

Sasa nisikilize. Ulipokuja kumzika baba yako ulikuwa unalia, na mtu anayelia haelezwi mambo ya utawala. Ulirudi Makambako hujui umeacha nini nyuma yako. Mtwa mzee, mtawala wetu, alipofariki mwaka jana, Bwana Shauri wa Njombe, yule Mzungu wa wilaya, alimweka Ezekia, mwana wa marehemu, kuwa mtwa wetu. Kijana wa rika lako, ana koti zuri na shingo nyembamba. Majumbe wetu ni saba. Watatu walisema ndiyo. Watatu walisema hapana, wanamtaka baba yake mdogo, Kristofa. Wa saba alikuwa baba yako. Baba yako alisema atafikiri. Alifikiri miezi mitatu, akaenda barazani siku moja akiwa mzima, wakamrudisha amebebwa, na siku chache baadaye tukamzika.

Sisemi neno. Oktavia, andika kwamba sisemi neno.

Kwa hiyo tunatawaliwa na watu watatu katika saba, na kiti cha baba yako kipo pale barazani, kitupu, kila mtu anakipita anakitazama. Bwana Shauri amemwambia Ezekia atawale, ila amtafute wa nne, la sivyo baraza litavunjwa. Kiti hicho ni urithi wako. Ndiyo maana nakuandikia. Usije. Wakikuita, sema una homa. Wakikuita tena, sema bado una homa.

Juzi alikuja Methusela, tarishi wa Mtwa, na pingili ya mwanzi iliyojaa ulanzi, mbeta nzima, kunipa pole ya msiba. Niliogopa nikasema leo ndiyo zamu yangu. Lakini alionja kwanza, kama inavyotakiwa, na nilimtazama koo mpaka nikaona kameza. Ndipo nami nikanywa. Mchungaji asinilaumu, ulanzi wa msiba haukataliwi. Mvua ilikuwa inanyesha kweli kweli, nikamwonea huruma nikamwita ndani, akakaa kidogo akasema Mtwa ananipenda, akaondoka.

Kula. Lala mapema. Usigombane na madereva.

Bibi yako, Ida.


Makambako
28 Mei 1951

Kwa Bibi yangu mpendwa,

Kamwene, Bibi. Nimefurahi kusikia habari za Yudita na Ema. Mimi ni mzima. Kazi ya mizigo hapa kituo cha mabasi inaendelea, ni nyingi kuliko watu, kwa sababu magari ya kwenda Songea na ya kwenda Mbeya yote yanakutana hapa. Nimekutumia sabuni na chumvi kwa dereva wa basi la Njombe. Msalimie Mama Oktavia na mwinjilisti.

Bibi, nakuomba unijibu maswali haya bila kukasirika. Methusela alipokuja na ule ulanzi, mbeta aliiweka wapi? Aliiacha uwanjani, au aliivusha kizingiti? Na maneno ya kwamba Mtwa anakupenda aliyasema kabla hujanywa au baada?

Nauliza kwa sababu wiki iliyopita alishuka mtu kwenye basi, akanishika mkono mbele ya wenzangu wote, akaniita Jumbe. Akasema hongera, bibi yako ameshakubali kwa niaba yako, sasa serikali ya Mtwa ina watu wanne. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nijibu upesi.

Mjukuu wako, Yoeli.


Ivungila
17 Juni 1951

Yoeli, kamwene.

Mzima mimi. Mbuzi mmoja wa wale pacha amekufa kwa baridi. Umande unaganda asubuhi, majani ya viazi yameungua yote. Sabuni imefika, chumvi imefika nusu, dereva wako ni mwizi na umwambie nimesema.

Aliivusha kizingiti.

Mimi mwenyewe nilimwita avushe. Mtoto wa miaka saba hapa kwetu anajua kwamba ulanzi wa pole unaachwa uwanjani, na ulanzi unaovuka kizingiti ni wa kuomba kitu: mke, ng'ombe, shamba, mtu. Ukiunywa ndani ya nyumba umekubali, na anayekuomba anasema shida yake baada ya wewe kumeza. Kumbe kule kunipenda kwa Mtwa ndiyo ilikuwa shida yenyewe: kiti chako. Nayajua hayo tangu sijaota meno. Lakini nilikuwa na hofu ya sumu, Yoeli. Nilitazama koo lake, sikutazama miguu yake. Mvua ikamsaidia mjinga yule, au hakuwa mjinga, aliisubiri mvua.

Nilipopata barua yako nilikwenda kwa mkubwa wa ukoo wetu, nikamwuliza kama kuna njia. Akasema kilichonywewa kinarudishwa. Unachukua ulanzi wako mwenyewe, unauvusha kizingiti cha aliyekuletea, unaonja, unampa. Akinywa, mmefunguana. Nikasema basi kesho naenda. Akanitazama kama naumwa. Akasema, "Ida, huu ni mwezi wa sita. Ulanzi utautoa wapi?"

Mianzi imekauka, mume wangu. Haitatoa tone mpaka mvua zirudi. Na huwezi kurudisha ulanzi kwa pombe ya ulezi, ni matusi. Kwa hiyo serikali ya Mtwa Ezekia ina watu wanne, na wa nne ni mdomo wangu, na itakuwa hivyo mpaka mianzi ichipue.

Wale watu wa Kristofa wamekasirika. Hawanisalimu kisimani. Na Ezekia, tangu apate huyo wa nne wa hewa, hatulii. Mweka hazina amemfanya mtunza misitu. Mtunza misitu amemfanya mzee wa mahakama. Yule wa mahakama amemwambia apumzike nyumbani, naye amekaa nyumbani siku chache, ghala lake likaungua mchana kweupe na mahindi yote. Hakuna aliyeona kitu. Kila wiki tarishi anapita kutangaza nani ameingia na nani ametoka, na watu wakisikia kengele yake wanajificha kana kwamba anagawa ndui. Zamani mtu alikuwa anatoa ng'ombe apate cheo. Siku hizi ukipewa cheo, mkeo analia.

Usije. Na usilale mahali pamoja.

Bibi yako, Ida.


Ivungila
12 Agosti 1951

Kwa mjukuu wangu mpendwa Yoeli,

Salamu nyingi sana katika jina la Bwana. Baada ya salamu, mimi bibi yako ni mzima wa afya njema na natumaini nawe ni mzima wa afya njema. Majirani wote ni wazima. Mifugo yote ni mizima.

Napenda kukuarifu kwamba Mwinjilisti Manase amechaguliwa kuwa mweka hazina wa baraza la Mtwa, nasi sote tumefurahi. Serikali yetu ni nzuri na inawapenda watu wake. Mtwa anakungoja kwa upendo uje kukalia kiti cha baba yako.

Mimi sina neno lolote zaidi.

Ni mimi bibi yako, Ida.


Makambako
2 Septemba 1951

Kwa Bibi yangu mpendwa,

Nimepokea barua yako nzuri. Nimeisoma mara nyingi. Nimefurahi kwamba mifugo yote ni mizima, pamoja na yule mbuzi aliyekufa.

Mpe pole Mama Oktavia, yaani mpe hongera kwa cheo cha mumewe. Mwambie simlaumu kwa mwandiko wake. Najua mkono ukitetemeka huandika vizuri kuliko kawaida.

Barua hii anakuletea Jeni, yule Mkinga anayeuza viazi kutoka Makete. Amesoma mpaka darasa la nne na hana shamba wala mume huko kwetu, kwa hiyo hakuna wa kumpa cheo. Akipita kwako, mkaribishe. Anaandika upesi.

Mimi nipo. Nalala.

Yoeli.


Ivungila
21 Oktoba 1951

Kamwene, mume wangu mdogo. Kamwene sana.

Huyu anayeandika sasa ni Jeni wako wa viazi. Ana mikono kama ya mwanamume, na anakula kama anayelipwa kwa kula. Nimempenda. Kama bado hujamtazama vizuri, umtazame.

Ile barua ya mwezi wa nane, Oktavia aliiandika machozi yakimdondoka kwenye karatasi, na mimi nilimwachia tu, nilimwambia andika unachotaka, mwanangu, bora ulale salama. Methusela alikuwa amekaa uwanjani kwangu anasubiri aipeleke yeye. Alisema sasa anasaidia posta.

Manase hakumaliza hata miezi miwili kwenye uhazina. Ezekia aliota, au mama yake aliota, kwamba mwinjilisti anawasalimia watu wa Kristofa kanisani. Sasa mwinjilisti atawasalimia nani, kama siyo waliokuja kanisani? Wamempeleka Manda, huko ziwani, eti akasimamie mitumbwi ya baraza. Baraza letu halina mitumbwi. Mtu wa mlimani, hajui kuogelea, ameshushwa ziwani kwa cheo. Oktavia yuko peke yake na watoto wanne, na nyumba ya kanisa wanamwambia huenda ikatakiwa.

Mweka hazina sasa ni yule wa kwanza kabisa, aliyefanywa mtunza misitu. Amerudi alikoanzia, amekonda nusu.

Nikwambie lililotokea kwangu. Wiki iliyopita nilitoka Uwemba kwa miguu, nilikwenda kuwaomba masista dawa ya magoti. Nilipofika nyumbani nikaona mwanga mwingi mahali ambapo sijawahi kuona mwanga. Mianzi yangu yote ilikuwa chini. Ile aliyoipanda babu yako, ile aliyoigema baba yako. Walikata mpaka mashina, wakachoma moto juu yake ili yasichipue. Walikuwa na mapanga makali. Hawakugusa kuku, hawakugusa mlango. Walitaka nijue wamekuja kwa ajili ya mianzi tu.

Nilikaa chini nikaogopa. Sitakudanganya. Niliogopa kama mtoto aliyeachwa sokoni. Nilisema mtu anayeogopa kikombe cha bibi kizee mpaka anakata mianzi, huyo hashindwi kukata kitu kingine.

Unataka kuniuliza kuhusu baba yako. Kila barua yako ina swali hilo, hata usipoliandika nalisikia. Siku ile barazani alikula ugali na maharage kwenye sinia moja na wenzake. Walikula wote. Akanywa na wenzake. Wakanywa wote. Aliumwa yeye. Tumbo lake lilikuwa likimsumbua tangu ujana, hilo nalijua, mimi ndiye niliyemkanda. Daktari wa Njombe alisema ni utumbo. Labda ni utumbo. Ningejua kuwa walimwua, ningewachukia nikalala usingizi. Ningejua hawakumwua, ningemshukuru Mungu nikalala usingizi. Sijui, Yoeli. Kutojua ndiko kunakoniweka macho.

Lakini nitaurudisha. Mvua zinakuja. Hakuna anayethubutu kuniuzia ulanzi, nimejaribu kwa majirani, wanaanza kukohoa. Juzi Oktavia akaja kwangu na jembe kama anaenda shamba, akaniambia taratibu kwamba nyuma ya kanisa kuna kichaka cha mianzi ambacho wamisionari walikipanda kwa ajili ya uzio. Hakuna aliyewahi kukigema kwa kuwa ni cha kanisa. Akasema atakigema mwenyewe. Mke wa mwinjilisti. Nilimwuliza kama anajua. Akasema baba yake alikuwa mlevi, anajua vizuri.

Sasa nakuuliza nami. Uliponiandikia kwamba upo, unalala, na basi, ulikuwa unaficha nini? Usiniambie kazi ni nyingi.

Bibi yako, Ida.


Makambako
9 Desemba 1951

Bibi,

Kamwene. Mvua zimeanza huku, barabara ya Njombe ina tope, basi la jana lilifika leo. Jeni ni mzima. Nimemtazama.

Uliniuliza ninaficha nini. Mwezi wa saba walikuja watu wa Kristofa, watatu, mmoja wao ni Yonathani aliyesoma nami. Walinikuta stoo ninakolala. Walinisemesha vizuri sana. Walisema ulanzi ule ulikunyang'anya wewe sauti yako, kwa hiyo mimi niitoe sauti yangu mwenyewe, nije nikae kiti cha baba upande wao, serikali ya Ezekia ianguke siku hiyo hiyo. Mmoja alikuwa amesimama mlangoni muda wote, na sikujua kwa nini asikae, viti vilikuwepo.

Niliwaambia ndiyo. Niliwaambia ndiyo ili waondoke. Kwa hiyo Ezekia anahesabu mimi ni wake kwa sababu ya ulanzi wako, na Kristofa anahesabu mimi ni wake kwa sababu ya mdomo wangu, na siku nitakapotokea, nusu ya nchi itaniita msaliti kabla sijakaa. Tangu hapo nalala kwa zamu, leo kwa fundi magurudumu, kesho kwa Wakinga.

Nilikuwa naona aibu kukuambia. Wewe ulidanganywa na mvua. Mimi sikudanganywa, niliogopa tu.

Bibi, nakuomba usiende barazani. Nitaandika kwa Bwana Shauri, nitajiuzulu kiti hata kabla sijakikalia, wampe yeyote. Wewe ni mzee. Wakikufanyia neno, hakuna atakayenibakia hapa duniani wa kuniita mume mdogo. Kaa ndani. Nakusihi.

Yoeli.


Ivungila
20 Januari 1952

Mjukuu wangu, kamwene.

Nimekwenda.

Usitupe barua, maliza kusoma. Mimi ni mzima. Oktavia ndiye anayeandika, amerudi kwenye kazi yake, na mwandiko wake umekuwa mbaya tena, ashukuriwe Mungu. Manase bado yuko Manda. Ameandika kwamba anakula samaki kila siku na wanamchosha.

Mianzi ya kanisa ilitoa vizuri. Oktavia aliigema asubuhi na jioni, na waumini walipomwuliza alisema anapunguza majani. Alhamisi ya baraza kuu tulitoka mapema sisi wawili, yeye nyuma, mimi mbele na mbeta kichwani. Watu walitoka kwenye nyumba zao kutuangalia. Hakuna aliyesema kamwene. Nilisikia miguu ya Oktavia inataka kurudi, nikamwambia rudi tu, hakurudi.

Mlangoni mwa baraza Methusela alitandaza mikono. Alisema Bibi, huwezi kuingia na kinywaji, Mtwa ameamuru. Nikamwambia hata mimi nilikuwa na mlango siku ile, na nilikukaribisha. Alishusha mkono mmoja. Nikapita upande wa mkono huo.

Walikuwemo wote sita, watatu huku na watatu kule, na kiti cha Lukas katikati. Kristofa alikuwa amekaa dirishani kama mtu anayengoja basi. Ezekia alikuwa mbele. Yoeli, yule mtoto amekonda. Koti linamning'inia. Pembeni yake palikuwa na sufuria ndogo yenye mfuniko uliofungwa kwa kamba, na baadaye nikaambiwa ndicho chakula chake, mama yake anampikia na kumfungia, hajala cha mtu mwingine tangu awekwe kwenye kiti.

Nikaweka mbeta sakafuni. Nikasema kilichonywewa kwangu nimekirudisha, na mjukuu wangu hakuombwa, basi hakutolewa. Nikamimina katika kikombe, nikaonja, nikameza, nikampa.

Hakupokea. Alikuwa ananitazama koo.

Niliutambua ule mtazamo. Ni wangu. Ndivyo nilivyomtazama tarishi wake mwezi wa tano. Kila mmoja barazani, hata wale watu wa Kristofa, aliona kwamba mtwa anaogopa mbele ya watu, na mtwa akionekana hivyo hajui tena pa kuuficha uso wake. Nilikuja na maneno makali niliyoyapanga njia nzima. Yalitoka kichwani. Nikakaa chini sakafuni mbele yake.

Nikamwuliza, "Unaogopa, mwanangu?"

Akaitazama ile sufuria yake. Kisha akasema, kwa sauti ambayo nadhani ni sisi tu wa mbele tulioisikia, "Naogopa, Bibi. Kila siku."

"Hata mimi," nikamwambia. "Nimetetemeka kutoka nyumbani mpaka hapa."

Nikanywa tena, nusu nzima, mbele ya macho yake, nikafuta mdomo. Akapokea kwa mikono miwili. Nikamshikia kikombe kwa chini kisimwagike, kama unavyomshikia mtoto uji. Akanywa. Karani akaandika kwamba Mtwa amepokea. Na hapo serikali yake ikarudi kuwa ya watu watatu.

Kristofa akacheka. Nilijua atacheka. Nikamgeukia papo hapo, nikiwa bado nimekaa chini, nikamwambia asifurahi, kwamba watu wake walikwenda kumsimamia mjukuu wangu mlangoni, wakapewa ndiyo ya mtu aliyezibiwa njia, na ndiyo ya namna hiyo naifuta mimi mbele ya majumbe wote. Nikamwuliza Yonathani, alikuwepo nje dirishani, kama ni uongo. Akatazama miguu yake. Kristofa akaacha kucheka.

Sijui waliokata mianzi ni wa nani. Nilidhani najua. Nilipomwona Ezekia karibu sikuwa na hakika tena.

Bwana Shauri alifika siku nne baadaye kwa gari lake, akatukusanya. Alisema hawezi kuendesha nchi kwa vikombe vya ulanzi. Kiti cha saba kikaliwe na mrithi kabla mwezi wa pili haujaisha. Mrithi asipokuja, atavunja baraza, na atamweka mtu wake kutoka Njombe mjini, asiyetujua na tusiyemjua. Kuhusu barua yako ya kujiuzulu hakusema kitu. Nadhani hukuiandika.

Sasa huna deni la mtu, Yoeli. Siyo la Ezekia, siyo la Kristofa, na siyo la kwangu. Mwaka mzima nimekuambia usije. Leo sikuambii uje, na sikuambii usije. Ni mara ya kwanza sijui la kukuambia, na Oktavia amefurahi kwa kuwa barua itakuwa fupi.

Bibi yako, Ida.


Makambako
3 Februari 1952

Bibi yangu,

Kamwene. Kabla ya yote, usiende tena mahali kama hapo bila mimi. Niliisoma barua yako nimesimama kwenye mizani ya mizigo, na dereva akaniuliza nani amekufa.

Nilifikiri kwa wiki nzima. Jeni aliniambia kitu kimoja tu. Alisema kule kwao Makete mtu akigombania ng'ombe na mwenzake, kesi inakaa miaka kwa sababu wazee hawataki kukaa kuiamua. Alisema ng'ombe huwa anakufa kabla ya hukumu.

Nakuja. Siji kwa Ezekia wala kwa Kristofa. Nitakaa pale katikati, na kila shauri likija nitasema ndiyo au hapana kwa shauri hilo tu. La kwanza nitakalosema ni kwamba Mwinjilisti Manase arudishwe, na mtu asiondolewe kazini kwa ndoto. Najua watanichukia wote kwa zamu. Baba alikuwa anafikiri. Nadhani hicho ndicho alichokuwa anafikiri.

Nitashuka Ijumaa ya tarehe kumi na tano. Tumbo linaniuma tangu niamue, sijui ni hofu au ni lile la baba.

Yoeli.


Ivungila
9 Februari 1952

Yoeli,

Tumbo hilo ni hofu. La baba yako lilikuwa linauma upande wa kulia. Chemsha majani ya mpera unywe, na uyachume mwenyewe.

Nitakuwa barabarani Ijumaa tangu asubuhi, basi lichelewe lisichelewe. Usishuke kabla hujaniona. Ukiona mtu mwingine ndiye anayekupungia, kaa ndani ya basi uende nalo mpaka Songea. Njiani usipokee chai wala muhogo wa mtu, hata wa mchungaji. Mwambie Jeni akitaka kuja aje, nyumba ni kubwa na mimi nina upweke, na viazi vyake si vibaya.

Nimenunua chungu kipya. Siku za baraza nitakupikia, nitabeba, nitakaa mlangoni pale alipotuzuia Methusela mpaka mtoke. Wakisema jumbe gani huyu anayekuja na bibi yake, waseme. Ezekia ameshanitumia salamu, anauliza kama siku moja naye anaweza kula katika chungu hicho. Nimesema nitaona.

Oktavia ananiambia nimalizie kwa neno la kukutia moyo, kwamba Mungu yupo na hakuna baya litakalotokea. Nimemwambia la kwanza aandike, la pili asiandike, maana silijui.

Naogopa, mume wangu. Naogopa kuliko nilivyoogopa mwaka wote. Njoo hivyo hivyo.

Bibi yako, Ida.